Famuhausi chini ya jua la Kibada

Ukipita Goba, Madale, Bunju au huku kwetu Kigamboni, utaona nyumba mpya zimegawanyika makundi mawili. Kuna zile za kuficha bati, ambazo ukuta umepanda hadi kulifunika paa, na kutoka barabarani unaona boksi lenye kona kali. Halafu kuna hizi zilizoingia kwa kasi kupitia simu zetu: kuta nyeupe, paa la mgongo wa tembo lenye mwinuko mkali, fremu nyeusi za madirisha, baraza refu mbele. Vijana wanaochora ramani wanaziita famuhausi za kisasa. Zimetokana na nyumba za wakulima wa Marekani, na zilivuma sana huko miaka ya 2010 kabla ya kutufikia.

Mimi na mume wangu tulichagua hizi za pili, tukajenga Kibada, huku huku Kigamboni, na sasa tunaishi ndani. Wengi wanaofika nyumbani huomba ramani. Ramani nawapa, ila naona haiwatoshi, kwa sababu nyumba tunayokaa si ile iliyokuwa kwenye picha. Umbo ni lile lile. Karibu kila kitu kingine tulikibadilisha kwa ajili ya jua, mvua, chumvi na mchwa wa Dar es Salaam. Naamini kabisa kwamba mtindo huu unatufaa sisi watu wa Pwani kuliko hata ule wa kuficha bati, ilimradi mtu ajue cha kuchukua na cha kuacha.

Kwanza nieleze kwa nini tulilikataa boksi. Paa lililofichwa lipo, limelala tu nyuma ya ukuta kwa mwinuko mdogo, na maji yake yote yanakusanywa kwenye mfereji wa ndani kabla ya kushuka kwa bomba. Masika yetu, Machi hadi Mei, si mvua ya kuchezea. Majani machache ya mwembe yakiziba mdomo wa bomba, maji yanajaa mferejini, yanarudi chini ya bati, na kesho yake dari ina duara la kahawia. Tuliwahi kupanga nyumba ya namna hiyo Tabata na tukaishi na ndoo sebuleni. Tena kuta za nyumba hizo hazina upenu. Mvua inazipiga moja kwa moja na jua linazichoma moja kwa moja. Nawaheshimu wanaozipenda, na ziko zilizojengwa vizuri, lakini kwa hali ya hewa yetu unakuwa umejitafutia vita ya kila mwaka.

Paa la mgongo wa tembo linamwaga maji pande mbili na kazi imekwisha. Ndiyo sababu wazee wetu wa Pwani walikuwa nalo muda mrefu kabla ya picha hizi, na nyumba zao zilikuwa na baraza ya kukaa mbele. Mama mkwe alipooneshwa picha kwenye simu alisema, "Hii si nyumba ya kizungu mwanangu, hii ni nyumba yetu imepakwa chokaa." Nilifurahi, kwa sababu yeye ndiye tuliyehofia kwamba hataielewa.

Habari za kiwanja nitazipita haraka. Hakikisheni kimepimwa, fanyeni upekuzi wa hati kabla ya kutoa hata shilingi, na kibali cha ujenzi kiombwe manispaa kabla ya kuchimba msingi. Kibada ilitupendeza kwa sababu mitaa yake imepangwa, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 mtu hategemei tena kivuko peke yake.

Jambo ambalo tulilipa muda mrefu ni kuuliza nyumba itazame wapi. Ramani za mtandaoni hazijui jua lako liko wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linahama: mwezi Juni mchana linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi kama 30 kutoka utosini, na Desemba linakuwa upande wa kusini, nyuzi kama 17 tu. Kuta za kaskazini na kusini unaweza kuzikinga kwa upenu. Za mashariki na magharibi huwezi, kwa sababu asubuhi na jioni jua liko chini na linaingia chini ya upenu wowote ule. Kwa hiyo nyumba ndefu ilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kiwanja chetu kina barabara upande wa kaskazini, ikawa bahati, baraza likakaa mbele bila ubishi. Mwenye barabara upande wa magharibi asione haya kugeuza nyumba ubavu. Mlango unaweza kuwa pembeni na nyumba bado ikapendeza.

Upepo nao tuliuhesabu. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki miezi ile ya joto kali, Desemba hadi Machi, na kusi inakuja kutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka. Bahari yetu pia iko mashariki. Vyumba vya kulala tukaviweka mashariki vipate upepo huo. Upande wa magharibi, ambao ukuta wake unachemka jioni nzima, tukaweka stoo, vyoo na mabafu, vyenye madirisha madogo ya juu. Ramani ya awali ilikuwa imeweka chumba chetu cha kulala magharibi chenye dirisha la ukuta mzima. Picha ilikuwa nzuri sana. Tungelipa umeme wa kiyoyozi maisha yetu yote.

Sasa paa, ambalo ndilo roho ya mtindo huu. Huko kwao mwinuko mkali unasaidia kuteremsha theluji. Sisi tunataka mvua iteremke, na mvua haihitaji mwinuko wa namna hiyo. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa nyuzi 45. Tuliketi na fundi paa tukapiga hesabu: eneo la chini lenye mita za mraba 150, ukijumlisha baraza na upenu, linakula karibu mita za mraba 212 za bati kwa nyuzi 45, na karibu 173 kwa nyuzi 30. Hapo hujagusa mbao za kenchi, zile fremu zinazobeba bati, ambazo nazo zinarefuka. Tukashuka hadi 30. Ukisimama barabarani umbo bado linaonekana vizuri, na pesa iliyobaki ilituwezesha kununua bati la geji 28 badala ya 30. Namba ikishuka bati linakuwa nene zaidi, wapo wanaodhani ni kinyume chake. Kwa wanaokaa karibu na bahari kama sisi, ulizeni bati lililopakwa aluminiamu na zinki, kwa sababu upepo wa chumvi unakula bati la kawaida mapema.

Kitu kingine kinachokula pesa ni wingi wa pembetatu. Famuhausi za kwenye picha zina pembetatu tano, sita, kila chumba na kipaa chake. Kila mahali mapaa mawili yanapokutana panahitaji mfereji wa bati, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapovuja. Tulibakiza paa moja refu na pembetatu moja ndogo juu ya mlango mkubwa. Wengi hujenga boma zuri, wakafika kwenye kupaua wakakwama miaka, na ukizunguka Kigamboni maboma hayo utayaona yameota nyasi ndani. Anayejenga kwa mshahara, kama sisi, apunguze mapaa yake akiwa bado kwenye karatasi.

Upenu ndio ulioleta mjadala mkali kuliko wote. Famuhausi nyingi za kisasa zina upenu mfupi sana, unakaribia kukatwa sambamba na ukuta. Mimi nilitaka sentimita 90.

"Mama, watu wanatoa 40," fundi aliniambia. "Ukitoa 90, kusi ikija inaingia chini inabeba bati."

"Basi fundi tulifunge. Unalifungaje?"

Hakunijibu hapo hapo. Siku ya kumwaga zege la mkanda wa juu nilimkuta amesimamisha vipande vya nondo za milimita 8, kila baada ya mita moja, ncha zimechomoza juu ya zege kama mkono wa mtu aliyenyoosha. Kenchi zilipopandishwa, zile ncha zilipindwa juu ya mbao ya kwanza inayolala ukutani, zikakazwa, na kila kenchi ikafungwa kwenye mbao hiyo kwa mikanda ya chuma. Kusi imeshavuma na paa liko pale pale. Faida yake ni hii: mwezi Juni, jua likiwa limefika juu kabisa, upenu wa sentimita 90 unatia kivuli karibu mita moja na nusu ya ukuta wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini unafunika karibu mita tatu, yaani ukuta wote. Pale kaskazini palipobaki ndipo baraza linapofanya kazi.

Kuhusu baraza nitarefusha kidogo, kwa sababu ndilo linalonifanya niipende nyumba hii. Mchoro ulikuwa umelipa upana wa mita moja na nusu. Kwenye picha za Marekani linatosha, wanaweka kiti kimoja cha kubembea na chungu cha maua. Kabla ya msingi kuchimbwa tulimwaga chokaa chini kwenye mistari ile ile ya ramani, tukaazima viti kwa jirani, tukatandika mkeka, mama mkwe akakaa amenyoosha miguu kama anavyokaa nyumbani kwake akichambua mboga. Mume wangu akajaribu kupita na sinia.

"Shikeni hapo," mama akasema. "Hapa mimi nitakanyagwa kila siku."

Tukafuta chokaa, tukachora upya, mpaka mkeka ukakaa, viti vikakaa, na mtu akapita bila kuomba njia. Ikatoka mita 2 na sentimita 40. Fundi alilalamika kwamba tunapoteza sebule, nikamwambia sebule ndiyo hii. Wageni wengi wanaokuja kwetu hawafiki hata ndani, wanakaa barazani hadi magharibi inaadhiniwa. Sakafu tulipiga niru, ina ubaridi mzuri miguuni na inafagilika. Ile dari ya kufuata paa, ambayo kwenye famuhausi huwa sebuleni, tuliihamishia barazani. Ndani tuliweka dari ya kawaida ya jipsamu yenye kimo cha mita 3, na kwenye pembetatu za ukuta, mashariki na magharibi, tukaacha matundu ya hewa yenye wavu ili joto la chini ya bati litoke. Anayeng'ang'ania sebule iliyo wazi hadi juu aweke kizuia joto kizuri chini ya bati, na ajiandae pia kwa kelele za mvua.

Mbao ndizo tulizopunguza kuliko vyote. Nyumba hizi kwao zinajengwa kwa mbao toka chini hadi juu, na ukuta wa nje unavalishwa mbao za kusimama. Huku mchwa hana subira. Kuta zetu ni za tofali za saruji za inchi 6, plasta laini, rangi nyeupe. Zile mbao za kusimama tulizipachika kwenye ile pembetatu ya juu ya mlango tu, chini ya kivuli, mbali na ardhi, na zilikuwa zimetiwa dawa. Kenchi ni paini kutoka Mafinga, nazo zenye dawa. Udongo ulipigwa dawa ya mchwa kabla ya jamvi kumwagwa, kazi ambayo ukishamwaga zege huwezi kuirudia kwa urahisi. Milango ya mninga ilichongwa Keko.

Maji ya kujengea ni suala la Kigamboni hasa. Visima vingi vina maji ya chumvi, na chumvi ndani ya zege inaozesha nondo polepole mpaka zege linapasuka lenyewe. Tulinunua maji baridi ya boza kwa kazi zote za zege. Tofali tulifyatulia saiti na tukasimamia kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima na zaidi. Tofali iliyokaukia juani bila maji ukiikwangua kwa kidole inatoa unga. Na mchanga uwe wa mto, usiwe wa ufukweni, hata ukiletewa kwa bei ya huruma.

Rangi nyeupe ina gharama yake. Mvua ikipiga ardhi, matone ya tope yanaruka na kuchafua ukuta chini. Tulizungushia mawe ya matumbawe hadi sentimita 60 kutoka ardhini, na chini ya upenu tukamwaga kokoto ili maji yasirushe tope. Ukungu wa kijani unaotokea upande wa kusini wakati wa masika tunausugua kila mwaka, hilo nimelikubali.

Madirisha ya famuhausi yana vioo vilivyogawanywa kwa miraba midogo. Nilitamani sana miraba ile, lakini nyumba ya Dar lazima iwe na grili, na grili mbele ya miraba inakuwa vurugu. Fundi wa kuchomelea akaja na wazo ambalo nampongeza hadi leo: grili yenyewe iwe ya miraba, yenye vipimo vile vile, ipakwe rangi nyeusi, na kioo kibaki kizima. Kutoka nje huwezi kutofautisha. Tulikataa madirisha ya kuteleza kwa sababu yanafunguka nusu tu, nusu nyingine ya hewa unakuwa umeifungia nje. Yetu yanafunguka yote kwa bawaba, na wavu wa mbu uko ndani kwenye fremu yake unaotolewa kufuliwa.

Jiko ndilo lililotaka busara. Kwenye picha jiko, meza ya chakula na sebule ni chumba kimoja. Shangazi yangu alipoona ukuta haupo aliuliza swali moja: "Na samaki mtakaanga wapi?" Hakuna feni ya jikoni ninayoijua inayoshinda harufu ya changu wa kukaanga na dagaa wa kuunga kwa wakati mmoja. Basi jiko la ndani likabaki wazi, la gesi, kwa chai, wali na mapishi mepesi. Nyuma, upande wa kusini, tukaongeza kibaraza chenye jiko la mkaa, mahali pa kinu na mbuzi ya nazi, na karo la kuoshea. Lile karo kubwa la kina kirefu linalotambulisha jiko la famuhausi tulikuta la kuagiza ni ghali mno. Fundi wa teraso alitutengenezea lake kwa saruji na chipsi za marumaru, akalisugua siku mbili hadi liking'aa. Sufuria ya pilau ya shughuli inaingia yote.

Faida ambayo sikuitarajia kabisa ni maji. Paa la pande mbili linahitaji michirizi miwili tu mirefu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 30 juu ya paa letu inakaribia lita 4,500, na simtanki la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja nzuri. Mvua ya kwanza ya vuli tunaiacha imwagike ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, ndipo tunafungulia tangi. Maji hayo yanafua, yanamwagilia, yanaosha vyoo, na hayana chumvi.

Kilichobaki sasa ni uzio. Mume wangu anataka ukuta mzima wa futi saba kuzunguka kiwanja kwa ajili ya usalama, mimi naona ukuta wa namna hiyo utaufungia nje upepo wote tuliougeuzia nyumba. Tumekubaliana upande wa mashariki na kaskazini tofali zipande futi tatu, juu yake ziwekwe tofali za matundu hadi kimo anachokitaka yeye, na upande wa magharibi ukuta uwe mzima, na miarobaini tuliyoipanda ipate kukua iukinge ule ukuta wa stoo na jua la jioni. Fundi ameshapima, anasubiri masika yapite aanze kufyatua.